Stadi za Injini ya Marehemu Baba

Katika ukurasa huu tumekwisha kuandika mengi kuhusu ukoo wetu. Tumeandika nasaba mpaka kwa babu wa saba aliyetoka Ibra akaabiri jahazi; tumeandika milango ya Unguja na njumu zake, madele ya kahawa, mikufu ya bibi, na mashamba ya mikarafuu ambayo, kwa namna tunavyoyasimulia, huongezeka miche kila mwaka. Hatujaandika hata mara moja juu ya spana. Ilhali nyumba yetu, tangu mwaka 1964 mpaka siku marehemu baba alipoacha kazi, ililishwa na spana.

Leo nataka kueleza jambo dogo la ufundi, nalo ni kutoa stadi zilizokatika katika injini na kutia mpya, hapa hapa nyumbani, bila ya kuishusha injini wala kuivua hedi. Najua wapo jamaa wengi waliorithi magari ya wazee, nayo yamekaa chini ya vipaa na miti huko Barka, Nizwa na Mombasa, yakingoja mtu wa kuyashughulikia. Hao huenda wakafaidika. Sababu yangu nyingine itajitokeza yenyewe.

Kwanza neno lenyewe. Stadi ni kipande cha chuma cha pua kisicho na kichwa, chenye hesi ncha zote mbili. Ncha moja hukazwa ndani ya hedi ya silinda ikakaa humo miaka, na ya pili hutokeza nje kupokea nati. Mafundi wa pwani walilichukua neno kwa Waingereza wakalitamka kwa ulimi wao, nalo likaangukia juu ya neno letu la zamani, stadi, yaani mtu hodari wa kazi yake. Sisi watoto tulipomsikia baba akirudi jioni na kusema, "Leo stadi mbili zimekatika," tulidhani wamefariki mafundi wawili.

Aliyebuni kutumia stadi mahali pa bolti alikuwa na akili. Hedi ya injini nyingi za zamani ni ya chuma cha kusubu, na chuma hicho ni kigumu lakini hakina unyumbufu. Ukikaza na kulegeza bolti ndani yake mara kwa mara, meno ya tundu huliwa. Stadi huingia mara moja, kisha nati ndiyo inayosuguana nayo kila unapofungua. Nati ikiharibika hununuliwa nyingine kwa baisa chache. Hedi si hivyo.

Gari la baba ni Land Cruiser ya mgongo wazi, ya petroli, yenye injini ambayo Toyota waliipa jina la 2F: silinda sita katika mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,230. Kwa miaka mingi limesimama chini ya mkunazi uani kwetu Sib, na kila Ijumaa mmoja wetu huliwasha. Msimu wa baridi uliopita lilianza kutoa sauti ya tik-tik-tik asubuhi, sauti inayofifia injini ikipata moto. Mtu huweza kuidhania ni ya vali. Lakini ukitazama ubavuni mwa hedi, pale manifoldi ya ekzosi inapoungana nayo, ulikuwapo mstari wa masizi meusi kama wanja uliotiririka. Hiyo ni dalili ya gaskiti kupitisha moshi. Wala si jambo la kupuuza kwa kuwa gari bado linakwenda, maana moshi huo una monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo ikipata njia ya kuingia ndani ya gari huua watu waliokaa vitini.

Injini za silinda sita mstarini zina ugonjwa wa kukatika stadi za mwanzo na za mwisho, na sababu yake inahesabika. Manifoldi ni kipande kirefu cha chuma. Tuseme urefu wake ni milimita 600, na joto lake limepanda digrii 400 kutoka lilipokuwa asubuhi. Chuma cha kusubu hurefuka kama sehemu 11 katika milioni kwa kila digrii, kwa hiyo manifoldi hiyo itarefuka milimita 2.6. Hedi iliyoshikana nayo inapozwa na maji. Itapanda digrii 70 hivi na kurefuka nusu milimita tu. Tofauti ya milimita mbili lazima iende mahali. Huenda kwenye ncha, na stadi za ncha ndizo zinazosukumwa huku na huku kila safari, mwaka baada ya mwaka. Za katikati hata hazijui kinachoendelea.

Tulilipeleka gari kwenye karakana moja ya hapa mjini libadilishwe gaskiti. Kijana wa pale alizivamia nati zenye kutu ya miaka arubaini kwa mashine ya upepo, na stadi mbili zikakatika: ya mbele kabisa ikabakisha kisiki cha milimita chache, na ya nyuma kabisa ikakatikia ndani ya tundu. Tukaambiwa hedi ishushwe au, bora zaidi, injini nzima itupwe. Kaka yetu mkubwa aliyeko Dubai alikubali upesi. "Tia injini mpya ya kisasa," aliniambia kwa simu, "litakwenda vizuri zaidi kuliko alivyolijua baba." Nikamwambia anipe siku kumi.

Mpwa wangu, mwana wa dada yetu aliyeko Leicester, alikuwa amekuja kwa likizo ya Disemba. Ana miaka kumi na minane na anasoma uhandisi, na Kiswahili chake ni kile cha jikoni kwa bibi yake: anajua majina ya vyakula vyote na hajui jina la chombo hata kimoja. Nilimkabidhi sanduku la baba alisafishe. Ndani yake alikuta spana za Whitworth zisizofaa kwa Toyota hata moja, tupa, tindo, jiliwa dogo, vipimo vya hesi, na kitu kizito kilichofungwa katika kitambaa chenye mafuta, ambacho hakukitambua. Nilikitambua lakini nikamwambia akiweke kando kwanza.

Siku nne za mwanzo hatukufanya kitu ambacho mtazamaji angeita kazi. Tulipaka mafuta ya kupenyeza katika kisiki cha mbele na katika nati zilizobaki nzima, asubuhi na jioni. Ukikosa ya dukani, changanya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, utikise kabla ya kila kupaka, na uwe mbali na moto kwa sababu asetoni huwaka upesi. Baada ya kupaka, gonga kichwa cha nati kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi. Lengo si kuisogeza nati. Mtikisiko hufungua nyufa ndogo katika kutu, na mafuta huingia humo. Kabla ya kuvua manifoldi unaweza pia kuwasha injini ipate moto, ukaizima, ukangoja ipoe iwe vuguvugu, ndipo upake.

Mpwa wangu aliona siku nne ni nyingi. Ndipo akauliza, "Mjomba, babu alijifunza wapi mambo haya?"

"Mombasa, kwa Kalasinga."

"Lakini mama ameniambia babu alikuwa na shughuli za magari."

Maneno hayo, shughuli za magari, nayafahamu. Yalitumika nyumbani kwetu kila alipokuja mgeni wa heshima, na yalitumika hasa wakati wa posa. Upande wa pili ukiuliza mzee wa binti anafanya nini, jibu lilikuwa ni hilo, kisha mazungumzo yakageuzwa haraka kuelekea mashamba ya babu. Ukweli ni kwamba baba alikuwa na miaka kumi na tisa yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964. Shamba likaondoka, nyumba ikaondoka, naye akavuka kwenda Mombasa na nguo alizovaa. Jamaa waliomtangulia walimshauri atafute ukarani, kwa kuwa alikuwa na hati nzuri na Kiingereza cha skuli. Akaenda kuomba kazi katika gereji ya Kalasinga mmoja karibu na Makupa, akapewa ndoo ya mafuta ya taa na brashi ya waya aoshe vyuma. Alikaa pale miaka minane. Bibi, Mungu amrehemu, aliletewa habari kuwa mwanawe anaonekana mjini amepakaa grisi mpaka viwikoni, na inasemekana alilia kuliko alivyolililia shamba.

Sultani Qaboos aliposhika nchi mwezi wa Julai 1970 akawaita Waomani waliokuwa nje warejee, baba alikuja Maskati miaka miwili baadaye. Waliotoka Afrika ya Mashariki walikuwa na elimu na lugha, wakapata nafasi katika wizara, mabenki na kampuni ya mafuta. Yeye aliingia ovaroli. Nchi nzima ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika hali ya kuwa na kama kilomita 10 tu za barabara ya lami, na magari yaliyopita katika mabonde yale ya mawe, Land Rover na malori ya Bedford, yalivunjika kila kitu kinachoweza kuvunjika. Wenye suti waliandika ripoti za maendeleo. Magari yaliyowachukua kwenda kuyatazama maendeleo hayo alikuwa akiyatengeneza yeye. Nasema hivi bila ya kuwadharau wenye suti, maana ami zangu wote ni miongoni mwao.

Siku ya tano tulianza na kisiki cha mbele. Kama stadi imetokeza vya kutosha, njia bora ni nati mbili: zifunge juu yake, zikaze moja dhidi ya nyingine mpaka zishikamane, kisha utie spana katika ile ya ndani na kuizungusha. Usianze kwa kufungua. Kaza kwanza, kidogo mno, robo ya robo ya mzunguko, halafu rudi, halafu kaza tena. Kutu iliyosagika lazima ipewe nafasi ya kutoka, kwani ukiilazimisha kwenda upande mmoja tu hujikusanya kama kabari. Lakini kisiki chetu hakikuweza kubeba nati mbili, kwa hiyo tulichomelea.

Kabla ya kuchomelea katika gari, betri hutolewa waya, kabureta huvuliwa, bomba la petroli huzibwa, na mtu wa pili husimama na kizima moto. Haya si ya kujadiliwa. Kisha washa bapa ya chuma huvishwa kisiki na kuchomelewa nacho kwa ndani, na juu ya washa huchomelewa nati. Uzuri wa njia hii ni kwamba moto wenyewe hufanya nusu ya kazi: kisiki hupata joto kali na kutanuka wakati hedi inayokizunguka bado baridi, kisha hupoa na kunywea, na kutu iliyokuwa imewaunganisha hupasuka. Ngoja mpaka wekundu utoke na chuma kiwe cha kuungua mkono tu. Nilimpa mpwa wangu spana. Alikaza kidogo, akarudi, akakaza, akarudi, na mara stadi ikatoa mlio mwembamba kama wa bawaba ya mlango mkuukuu, ikaanza kuzunguka. Alinitazama bila ya kusema neno.

Ya nyuma haikuwa na kitu cha kuchomelea. Hapo hakuna njia ila kekee, na hapo ndipo watu huharibu hedi. Chuma cha stadi na chuma cha hedi havilingani kwa ugumu. Stadi ni ngumu zaidi, na ncha ya kekee ikiteleza hukimbilia upande ulio laini, ikala ukuta wa tundu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuusawazisha uso wa kisiki. Jambo la pili ni kupiga alama katikati hasa, si karibu na katikati. Jambo la tatu ni kuhakikisha kekee haiwezi kwenda pengine hata ikitaka.

Ndipo nilipokifungua kile kitambaa. Ndani yake mna kipande cha chuma kinene cha ukubwa wa kiganja, chenye tundu kubwa upande mmoja na mfuo mrefu upande wa pili. Mfuo huvishwa stadi ya jirani iliyo nzima na kukazwa kwa nati, kwa hiyo hukubali umbali wowote baina ya stadi mbili. Katika lile tundu kubwa huingia bushi za chuma kigumu, na kila bushi ina kipenyo chake: ya milimita 3, ya 5, ya 6, ya 8. Kekee ikipita ndani ya bushi haina hiari tena. Baba alikichonga kwenye tanuri ya lathi ya yule Kalasinga, saa za usiku, na bushi za milimita akaziongeza Maskati magari ya Kijapani yalipozidi. Pembeni amegonga herufi mbili za jina lake, na chini yake 1969. Nimeona hati za ardhi zilizotunzwa kwa uangalifu mdogo kuliko kile kitambaa.

Tulipima kina cha tundu kwa stadi nzima ya jirani, tukafunga utepe katika kekee ili isivuke hapo, maana katika baadhi ya injini nyuma ya tundu hilo yako maji. Tukaanza na milimita 3, polepole, kwa tone la mafuta kila baada ya muda, tukiitoa kekee mara kwa mara kuondoa chembe. Baadaye tukatia kekee zinazokata kwa mkono wa kushoto. Wakati mwingine hizo huuma kisiki na kukitoa zenyewe. Chetu hakikukubali. Kuna pia vile vyuma vya kutolea, vyenye hesi ya kinyume, vinavyogongwa ndani ya tundu na kuzungushwa. Baba hakuvipenda na mimi sivipendi. Ni vigumu mno na hukatika kama kioo, na kikikatikia ndani kekee ya kawaida haitakigusa. Stadi iliyokataa nguvu ya mashine ya upepo haitatii kijiti chembamba kilichotiwa katikati yake.

Tukaendelea kupanua mpaka likabaki ganda jembamba tu la stadi likiwa limeshikilia meno ya hedi. Ganda hilo tulilivunja kwa sindano ya chuma, kipande kwa kipande, kama mtu anayetoa nyama ya chaza. Ilichukua adhuhuri yote. Kisha tepu. Kipimo chake hakikisiwi: kwa stadi ya milimita 10 yenye hatua ya 1.25, tundu la kukatia hesi ni milimita 8.8, yenye hatua ya 1.5, ni 8.5, kwa stadi ya milimita 8 yenye hatua ya 1.25, ni 6.8. Tia kipimo cha hesi juu ya stadi nzima, ncha zote mbili, kwa sababu ncha ya ndani na ya nje si lazima zifanane. Tepu huzungushwa nusu mbele, robo nyuma, ili chembe zikatike. Kama kekee ingekwenda pembeni, tungelazimika kupanua tundu na kutia springi ya hesi, ambayo ni dawa nzuri na si aibu. Haikuhitajika.

Kurejesha ni kazi fupi. Stadi mpya huingizwa kwa mkono mpaka mwisho wake, basi. Haikazwi kwa nguvu ndani ya hedi. Nyuso husafishwa, na manifoldi huwekewa rula iliyonyooka kuona kama imepinda. Nati tulitumia za shaba ya njano, ambazo hazigandani na chuma, na grisi ya shaba kidogo katika meno. Hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni kwa mizunguko kadhaa, kufuata kipimo cha kitabu cha injini, na kukaguliwa tena baada ya injini kupata moto na kupoa mara mbili tatu. Za ncha zisizidishwe hata kidogo, kwani manifoldi inahitaji kuteleza.

Siku ya tisa tuliliwasha. Nilimpigia kaka simu nikaiweka juu ya boneti. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Lizime, petroli ghali."

Usiku huo niliitoa shajara ya ukoo, ile tunayoichapisha hapa, ambayo mbele ya jina la kila mwanamume imeandikwa kazi yake: kadhi, mwenye mashamba, mwalimu, nahodha. Mbele ya jina la baba pameandikwa mfanyabiashara. Nilimwandikia dada Leicester kumwambia nataka kupabadilisha paandikwe fundi makenika, na kwamba mwanawe ameomba hivyo kabla yangu. Alikaa siku mbili bila ya kujibu. Siku ya tatu akajibu: "Andika. Na picha ya kile chuma uitie, herufi zake zisomeke."

Picha iko hapo juu. Stadi huuzwa kwa pakiti, kwa hiyo zimenibakia kadhaa pamoja na nati zake. Jamaa mwenye injini ya 2F aniandikie kabla hajaipeleka popote. Kile chuma cha baba hakiazimwi, ila mtu akija nacho kinatumika hapa hapa uani.